Uso, Mkono, Maneno, Muda: Tuutambue Ugonjwa wa Kiharusi Mapema

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Daraja Mbili, na leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa kiharusi, ambao wengi wetu huuita ugonjwa wa kupooza, au stroki.

Ukiwa na kalamu na karatasi karibu, zichukue. Kuna maneno manne ambayo ningependa uyaandike na kuyabandika ukutani kabla kipindi hakijaisha.

Kwanza niwaeleze kwa nini mada hii iko moyoni mwangu. Nililelewa na nyanya yangu, magokoro, mama mzaa baba. Asubuhi moja, nikiwa bado mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa akikoroga chai, kikombe kikamponyoka. Mdomo ukaenda upande. Alijaribu kuniita jina langu, likatoka jina lisiloeleweka. Watu wa nyumbani walisema amechoka, alale kidogo. Saa sita mchana tukaita watu wa kuomba. Jioni tukampeleka kwenye kliniki ndogo ya karibu, akawekewa dripu ya malaria, akalala hapo hadi asubuhi. Tulifika hospitali kubwa siku ya pili mchana. Daktari alituuliza swali moja tu: "Ilianza saa ngapi?" Tulipomjibu, alinyamaza.

Magokoro aliishi miaka mitatu baada ya siku hiyo, kitandani, bila kusema neno. Aliyemgeuza, aliyemlisha na aliyemfua nguo ni mama yangu. Hakuna aliyekosa kumpenda. Tulichokosa ni kujua tunaangalia nini, na kujua kwamba saa inakwenda.

Ndiyo maana leo nasema nanyi.

KIHARUSI NI NINI?

Ubongo ndio unaoongoza mwili wote: kutembea, kusema, kumeza, kuona, kukumbuka. Ubongo unaishi kwa damu. Damu ndiyo inayoupelekea hewa na chakula, kupitia mishipa midogo na mikubwa, kama vile mifereji inavyopeleka maji shambani.

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo. Kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni mshipa kuziba. Donge la damu iliyoganda, au mafuta yaliyojikusanya ndani ya mshipa, huziba njia. Sehemu ya ubongo iliyo mbele ya pale palipoziba hukosa damu na huanza kufa. Viharusi vingi duniani ni vya aina hii.

Njia ya pili ni mshipa kupasuka. Damu huvuja ndani ya ubongo na kuukandamiza. Mara nyingi chanzo chake ni presha iliyokaa juu kwa muda mrefu bila matibabu.

Ukimtazama mgonjwa kwa macho huwezi kutofautisha aina hizi mbili. Hata mimi siwezi, na hata daktari bingwa hawezi kwa macho matupu. Linalotofautisha ni picha ya kichwa, yaani skani. Likumbuke jambo hili, kwa sababu nitalirudia tutakapofika kwenye matibabu.

Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, ubongo hupoteza chembe hai karibu milioni 2 kila dakika. Chembe hizo zikishakufa hazioti tena. Ndiyo sababu tunaihesabu saa.

MANENO MANNE YA KUANDIKA UKUTANI

Sasa andika: USO, MKONO, MANENO, MUDA.

USO. Mwambie mgonjwa atabasamu au akuonyeshe meno. Je, upande mmoja wa mdomo umelegea? Je, mate yanatoka upande mmoja?

MKONO. Mwambie ainue mikono yote miwili mbele yake, viganja vikitazama juu, afumbe macho, huku wewe ukihesabu hadi 10. Je, mkono mmoja unashuka wenyewe? Je, ameshindwa kabisa kuuinua mmoja? Unaweza kupima miguu vivyo hivyo.

MANENO. Mwambie arudie sentensi rahisi, kwa lugha anayoizoea. Sema, "Leo ni siku ya soko Daraja Mbili." Je, maneno yanaburuzika kama ya mlevi? Je, anasema kitu kisichoeleweka? Je, anakutazama tu bila kuelewa ulichomwambia?

MUDA. Ukiona hata dalili moja kati ya hizo tatu, na imeanza ghafla, tazama saa. Andika wakati ilipoanza. Kisha ondokeni kwenda hospitali, wakati huo huo.

Nasema hata moja. Usingoje zitimie zote tatu.

Ziko dalili nyingine zinazoanza ghafla ambazo pia ni za kuogopwa: kupoteza kuona kwa jicho moja au yote mawili; kizunguzungu kikali, na mtu kushindwa kusimama au kutembea sawasawa; ganzi ya upande mmoja wa mwili; na maumivu makali ya kichwa ambayo mtu hajawahi kuyapata maishani mwake, hasa yakiambatana na kutapika au kupoteza fahamu.

Neno la kushika hapa ni "ghafla". Mkono unaouma polepole kwa miezi mingi ni jambo lingine. Mkono uliokuwa mzima saa moja asubuhi ukimenya ndizi, na saa moja na dakika tano hauwezi kushika kisu, hicho chaweza kuwa kiharusi.

Na kama mtu ameamka nacho? Hapo wakati unahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima. Kama alilala saa nne usiku akiwa mzima, mwambie daktari saa nne usiku. Usikisie.

DALILI ZIKIPOTEA

Wakati mwingine mdomo huenda upande, mkono hulegea, kisha baada ya dakika 10 au nusu saa kila kitu hurudi sawa. Familia humshukuru Mungu na kuendelea na kazi. Akina mama, hicho ni kiharusi kinachopita, nacho ni onyo. Hatari ya kupata kiharusi kikubwa ni kubwa zaidi katika siku 2 za kwanza. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anacheka na kusema yuko sawa.

HABARI YA MAMA WA NDIZI

Nitawapa mfano wa hapa hapa. Jina la mama huyu nitaliacha, lakini amenipa ruhusa kusimulia.

Ilikuwa siku ya soko. Mama huyu alikuwa akiuza ndizi, kama kawaida yake. Alipokuwa akimrudishia mteja chenji, sarafu zikamwanguka mkononi. Akainama kuziokota, akashindwa kuinuka. Alipofungua mdomo, maneno yakatoka yamechanganyika. Kijana mmoja akacheka, akasema mama amelewa asubuhi. Mwingine akanong'ona kwamba kuna mtu amemtupia kitu.

Jirani yake anayeuza nyanya alikuwa amehudhuria mafunzo ya kliniki wiki chache kabla. Alimwambia, "Mama, hebu inua mikono yote miwili." Mkono wa kulia haukuinuka. Basi hakungoja zaidi. Alimwachia mtu meza yake ya nyanya, akatafuta gari, wakamlaza mgonjwa kiti cha nyuma akiwa ameegemea ubavu, wakafika hospitali ya rufaa kabla saa moja haijaisha.

Presha yake ilikuwa 210 juu ya 120. Skani ilionyesha mshipa umepasuka na damu imevuja kidogo. Waliishusha presha kwa uangalifu, wakamlaza, wakamwanzishia mazoezi. Leo anatembea kwa mkongojo. Mkono wa kulia bado ni mzito. Lakini anaongea, anajilisha, na anahesabu chenji yake mwenyewe.

Tofauti kati ya mama huyu na magokoro wangu haikuwa pesa wala bahati peke yake. Ilikuwa jirani aliyejua kutazama mkono.

NIFANYE NINI NIKIWA NYUMBANI?

Tuchukue hatua kwa hatua.

1. Andika saa.

2. Tafuta gari. Piga simu ya gari la wagonjwa kama kaunti yako inayo karibu. Namba za dharura nchini ni 999 na 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199. Ukiambiwa gari litachelewa, kodi gari la jirani. Bodaboda iwe ya mwisho kabisa. Mgonjwa aliyelegea upande mmoja hawezi kujishikilia, hata akibanwa katikati ya watu wawili. Nimepokea wagonjwa waliokuja na kiharusi pamoja na mguu uliovunjika njiani.

3. Kama amepoteza fahamu, anatapika au anakoroma, mlaze kwa ubavu ili matapishi na mate yatoke nje. Legeza nguo za shingoni. Toa meno ya bandia kama anayo.

4. Usimpe kitu chochote mdomoni. Si maji, si chai, si uji, si dawa za miti. Kiharusi huweza kuua uwezo wa kumeza, na kile unachompa kwa upendo kikaingia mapafuni.

5. Usimpe aspirini. Najua wengi mmesikia kwamba aspirini husaidia. Husaidia pale skani inapoonyesha kwamba mshipa umeziba. Kama mshipa umepasuka, aspirini inaweza kuongeza kuvuja kwa damu. Kwa kuwa nyumbani hatujui ni aina gani, tunaiacha.

6. Usimpe dawa ya presha ya mtu mwingine, wala usimwongezee zake ili presha ishuke haraka. Presha ikishuka ghafla, damu kidogo iliyokuwa ikifika ubongoni hukatika.

7. Beba kitambulisho chake, kadi ya kliniki, na dawa zote anazotumia, hata pakiti tupu. Aende na mtu anayejua ilianza saa ngapi.

TUMPELEKE WAPI?

Hapa ndipo tunapopoteza saa nyingi zaidi. Tunazunguka. Tunaanzia duka la dawa, tunapita kliniki, tunarudi nyumbani kushauriana na wajomba, kisha ndipo tunafika hospitali.

Mgonjwa wa kiharusi anahitaji hospitali yenye vitu vinne: mashine ya skani ya kichwa, maabara, daktari wa kusoma picha hiyo na kuamua matibabu, na wodi ya kumlaza chini ya uangalizi wa karibu. Kwa sisi wa Kisii, hospitali kubwa ya umma ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, hapa mjini. Kwa wenzetu wa Nyamira, kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Mashine huharibika na hutengenezwa, kwa hiyo usingoje siku ya shida. Wiki hii, ukienda kliniki, uliza: "Skani ya kichwa inayofanya kazi, iliyo karibu nasi, iko wapi?" Andika jibu chini ya yale maneno manne.

Kama unakaa mbali na zahanati ndiyo iliyo karibu, unaweza kupitia hapo ikiwa iko njiani. Watampima presha na sukari. Kipimo cha sukari ni muhimu, kwa maana sukari ikishuka sana, mtu huweza kulegea na kuchanganyikiwa kama mwenye kiharusi, na hilo hutibiwa pale pale. Lakini usilazwe hapo. Uliza maswali matatu, kwa heshima, bila kuogopa:

Je, hiki chaweza kuwa kiharusi?
Je, hapa kuna skani?
Kama hakuna, tunapelekwa wapi, kwa gari gani, na nani anapiga simu mbele yetu?

Daktari au muuguzi mwema hakasiriki kwa maswali hayo.

HOSPITALINI HUFANYWA NINI?

Mkifika, sema neno "kiharusi" pale mlangoni, na useme saa. Usikae kwenye foleni ya kawaida.

Atapigwa skani. Picha yenyewe huchukua dakika chache na haiumi. Ikionyesha mshipa umeziba, na hamjapitisha saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kuna dawa ya kuyeyusha donge inayotiwa kwenye mshipa wa mkono. Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya namna hii kwa kiharusi katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Niwaambie ukweli: ni dawa ghali, haipatikani katika kila hospitali, na si kila mgonjwa anafaa kuipata. Lakini anayefika saa ya kumi baada ya dalili, hata ikiwepo, kwa kawaida hawezi kupewa. Anayefika saa ya kwanza ana nafasi.

Ikionyesha mshipa umepasuka, presha hushushwa kwa mpango, na wachache huhitaji upasuaji. Mabingwa wa upasuaji wa ubongo wanapatikana katika hospitali kubwa kama Moi kule Eldoret na Kenyatta kule Nairobi. Mkipewa rufaa ya huko, ulizeni kama mgonjwa yuko salama kusafiri, na kama kutakuwa na muuguzi garini. Safari ya Nairobi ni kama kilomita 300.

Na kama dawa ile haipo, na upasuaji hauhitajiki, je, tumekuja bure? La, hasha. Wagonjwa wengi wa kiharusi hufa au huzidiwa kwa mambo yanayozuilika: chakula kuingia mapafuni, homa, sukari kupanda, damu kuganda miguuni, vidonda vya kulalia. Wodi nzuri hupima kumeza kabla ya kumlisha, humgeuza mgonjwa, huangalia hewa, sukari na joto, na huanza mazoezi mapema. Kazi hiyo ya kila siku, isiyo na mashine kubwa, huokoa maisha na kuokoa mikono na miguu.

JUU YA PESA

Najua kinachowafanya wengi wangoje ni pesa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kiharusi ni dharura. Kwa hiyo nenda kwanza.

Lakini jitayarishe pia. Tangu Oktoba 2024, ile NHIF ya zamani ilibadilishwa, sasa ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA. Unaweza kujisajili kwa simu, kwa kubonyeza *147#. Kujisajili peke yake hakutoshi kwa kulazwa. Mchango nao uwe umelipwa. Msajili na baba, na mama, na nyanya na babu wa nyumbani kabla hawajaugua. Na kama mko kwenye chama, wekeni kando pesa kidogo ya gari la dharura. Gari la usiku ndilo hukwamisha wengi.

JE, NI UCHAWI?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami nitalijibu kwa sauti ya kawaida.

Mtu anapoanguka ghafla, akapooza upande mmoja na kukosa sauti, wengi hapa kwetu husema ni oborogi, ni kazi ya mtu. Tena huanza kumtafuta aliyeifanya. Sote tunakumbuka mwezi wa Mei 2008, watu 11 walipochomwa moto katika eneo letu la Kisii kwa kushukiwa uchawi. Tunakumbuka pia Oktoba 2021 kule Marani, akina mama wazee wanne walipouawa na umati. Sisemi kwamba visa hivyo vilianza kwa kiharusi. Nasema kwamba ugonjwa usioelezwa huzaa tuhuma, na tuhuma huua. Mgonjwa anapotea kwa kukosa matibabu, na nyanya wa boma la jirani anapotea bila kosa.

Kupooza upande mmoja na kukosa sauti kuna maelezo. Upande wa kushoto wa ubongo huongoza upande wa kulia wa mwili, na kwa watu wengi ndio unaoongoza usemi. Mshipa ukiziba pale, mkono wa kulia hulegea na ulimi hukosa maneno. Ni mshipa wa damu. Skani huuonyesha.

Wengine hukimbilia kuchanjwa kichwani. Wazee wetu wa Kisii walikuwa na mafundi wa kupasua fuvu, omobari wa omotwe, waliojulikana hata na wataalamu wa nje kwa kuwatibu walioumia kichwa. Hiyo ni historia yetu. Lakini kiharusi kiko ndani ya mishipa ya ubongo. Kuchanja ngozi ya kichwa hakufiki huko. Kunaongeza jeraha na kula saa. Kama familia inataka kuomba, ombeni ndani ya gari, mkiwa njiani.

TUNAKIZUIAJE?

Chanzo kikubwa ni presha. Nayo haiumi. Mtu anaweza kupanda kilima cha Manga na presha yake ikiwa 180, asijue.

Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, alikufa kwa mshipa wa ubongo kupasuka tarehe 12 Aprili 1945. Madaktari wake walijua presha yake iko juu sana, lakini siku hizo hakukuwa na dawa nzuri ya kuishusha. Alikuwa kiongozi wa nchi tajiri, na alikosa vidonge ambavyo leo hutolewa katika vituo vya afya vya kwetu. Tuvitumie basi.

Kila mtu mzima apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka. Ikiwa ni 140 juu ya 90 au zaidi, tena na tena, ni ya juu. Tangu mwaka 2023 wahudumu wengi wa afya ya jamii wana mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari; akipita kwako, mwambie akupime, na ampime mama mkwe pia. Ukipewa dawa, ni za kila siku. Usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unazinywa.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima, ikiwa ni pamoja na ile iliyo kwenye viungo vya pakiti. Usiongeze chumvi mbichi mezani. Chinsaga, managu, ndizi na matunda tunavyo shambani. Tembea. Sigara, ugoro na pombe kali tuviache. Mwenye sukari aende kliniki bila kukosa.

Akina mama wajawazito, na waliojifungua ndani ya wiki 6: maumivu makali ya kichwa, macho kuona giza au vimulimuli, uso na mikono kuvimba, au degedege, ni dalili za presha ya mimba. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani nayo huleta kiharusi. Na kabla ya kuanza vidonge vya kupanga uzazi, pimwa presha; ikiwa juu, ziko njia nyingine salama zaidi kwako.

Tena, mwenye mtoto wa ugonjwa wa selimundu: mtoto huyo anaweza kupata kiharusi akiwa bado mdogo. Akianza kuvuta mguu au kuangusha kalamu ghafla, usimkemee. Mpeleke.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Mama mmoja wa Keroka anauliza: "Mume wangu ana miaka 38. Si ni ugonjwa wa wazee?"
Mama, hatari huongezeka na umri, lakini kiharusi hakichagui wazee pekee. Apimwe presha.

Mlezi wa Ogembo anauliza: "Mama mkwe ametoka hospitali, hawezi upande wa kushoto. Nimsaidieje?"
Pole, mama. Mgeuze kila baada ya saa 2 na ukague mgongo na visigino. Mlishe akiwa ameketi wima, kidogo kidogo, na akae hivyo nusu saa baada ya kula. Usimvute kwa mkono uliolegea. Bega linaweza kuteguka. Mnyooshe viungo kila siku kama mtaalamu wa mazoezi alivyokuonyesha. Ongea naye, hata asipojibu. Mara nyingi anasikia na kuelewa. Hakikisha dawa za presha haziishi. Na wewe pia upumzike. Waite mashemeji kwa zamu. Kazi hii si ya mkaza mwana peke yake.

Msikilizaji wa Nyansiongo anauliza: "Mdomo ukienda upande tu, bila mkono, ni kiharusi?"
Kuna ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso unaofanana nacho. Lakini kutofautisha si kazi yako wala ya jirani. Njoo hospitali, tutafautisha sisi.

KABLA SIJAWAAGA

Usiku huu, kabla hamjalala, waite watoto wote nyumbani, hata wa darasa la tatu. Wafundishe kwa mchezo: tabasamu, inua mikono, sema "Leo ni siku ya soko Daraja Mbili." Mara nyingi anayekuwa nyumbani na nyanya saa nne asubuhi ni mtoto. Mwonyeshe namba ya simu ya mwenye gari, na mahali ilipobandikwa.

Uso. Mkono. Maneno. Muda. Ukiona, tazama saa, panda gari, usizunguke.